Ukame wa Vikapu: Namna ya Kuivusha Timu Isiyofunga

Katika mpira wa kikapu, ukame wa vikapu, yaani kipindi ambacho timu inatupa bila kufunga, huanza kimyakimya. Timu yako imefunga vizuri katika robo ya kwanza, mpira unazunguka na benchi limechangamka. Kisha mtupo mmoja unagonga ringi na kurudi, wa pili unapita juu ya bodi, wa tatu haugusi kitu, na unapotazama saa unakuta dakika sita zimepita bila pointi hata moja. Wachezaji wanaanza kukutazama wewe badala ya kuutazama mpira. Nimefundisha vijana katika viwanja vya saruji vya hapa Tanga kwa miaka ya kutosha kuyaona macho hayo mara nyingi, na ninawaandikia walimu wenzangu, hasa wale wa timu za shule na za mitaa ambazo hazina wasaidizi, hazina kamera, na pengine zina mipira minne kwa wachezaji kumi na watano.

Kabla hujaugusa mkono wa mchezaji, kabla hujabadilisha kikosi na kabla hujabuni mbinu mpya, fahamu kwanza ukame ulio nao ni wa aina gani. Kuna timu inayopata mitupo mizuri ambayo haiingii, kuna timu inayotupa mitupo mibaya, na kuna timu ambayo haifikii hata kutupa kwa sababu mpira unapotea njiani. Anayesoma ubao wa matokeo tu ataziona zote tatu kuwa ni kitu kimoja, ilhali dawa zake ni tofauti kabisa, na dawa ya ugonjwa mmoja inaweza kuuzidisha mwingine. Makosa makubwa niliyoyafanya katika kazi hii yalitokana na kutibu kabla ya kupima.

Bahati ina sehemu yake

Chukua timu inayoingiza mitupo 40 katika kila 100, kiwango ambacho ni cha heshima kwa vijana wanaocheza nje penye upepo. Ikiwa kila mtupo unajitegemea, mchezaji wa timu hiyo akitupa mafungu mia ya mitupo mitano mitano, katika mafungu manane hivi atakosa yote mitano. Timu nzima ikitupa mara 60 katika mchezo, mfululizo wa mitupo minane au zaidi isiyoingia utajitokeza karibu katika mchezo mmoja kati ya kila mitatu, bila mtu yeyote kuwa amekosea jambo lolote. Mwalimu asiyeijua hesabu hii atakuwa anabadilisha timu yake kila baada ya wiki tatu kwa sababu ya jambo ambalo lingepita lenyewe.

Hata wale ambao kutupa ndiyo kazi inayowalisha hukumbwa na hali hii. Tarehe 28 Mei 2018, katika mchezo wa saba wa fainali ya Kanda ya Magharibi ya ligi ya NBA ya Marekani, Houston Rockets waliongoza kwa pointi 11 wakati wa mapumziko dhidi ya Golden State Warriors, lakini katika mchezo huohuo walikosa mitupo 27 ya mbali, ile ya pointi tatu, mfululizo, wakaingiza 7 tu kati ya 44, na wakafungwa 101 kwa 92. Huwasimulia vijana wangu mchezo huo kwa sababu mbili. Kwanza, wajue kwamba kukosa mfululizo si aibu wala si uchawi. Pili, waone kinachoipata timu iliyojengwa juu ya chanzo kimoja cha pointi siku chanzo hicho kinapokauka, maana asiye na kisima cha pili hana budi kuendelea kutumbukiza ndoo kwenye kisima kilekile.

Daftari

Kupima kunahitaji daftari la shule na kalamu. Mpe kazi hiyo mchezaji aliye majeruhi au kijana yeyote makini anayependa mchezo, na umfundishe kwa mchezo mmoja mzima ukiwa karibu naye. Katika kila ukurasa achore nusu ya uwanja: ringi, mstari wa mitupo huru (ile anayopewa aliyechezewa madhambi, bila mtu wa kumkaba) na upinde wa pointi tatu. Kila mara timu yetu inapotupa, aandike namba ya mchezaji mahali alipotupia, aizungushie duara ikiwa umeingia, na pembeni aweke alama moja kati ya mbili: alikuwa huru, au alikuwa amekabwa. Chini ya ukurasa ahesabu mipira iliyopotea kabla ya kutupwa, ribaundi za upande wetu wa kushambulia, yaani mipira tuliyoidaka baada ya mitupo yetu kukosa, na mitupo huru. Atumie ukurasa mmoja kwa kila robo, na juu yake aandike tunashambulia ringi ipi.

Hilo la mwisho wengi hulipuuza, nami nililipuuza mpaka likanifundisha. Mwaka mmoja, katika miezi ya Kusi, nilikuwa na kijana mtupaji hodari ambaye ghafla mitupo yake ilianza kwenda kushoto. Nilitumia majuma mawili kumrekebisha kiwiko. Nilimsimamisha mbele ya ukuta, nikamwekea mkono begani, nikambadilishia hata namna ya kukanyaga, naye akazidi kuharibika, mpaka ikafika siku anapewa mpira akiwa peke yake na anatoa pasi. Baadaye nikafungua daftari na kuziweka kurasa za robo za kwanza upande mmoja na za robo za tatu upande wa pili. Karibu mitupo yake yote iliyokosa ilikuwa kwenye ringi moja, ile iliyo upande wa baharini ambako hakuna jengo wala mwembe wa kuukinga upepo. Kwenye ringi nyingine alikuwa anafunga kama kawaida yake. Kiwiko chake hakikuwa na kasoro yoyote. Nilimwita, nikamwonyesha kurasa zile na kumwomba radhi, kwa kuwa mimi ndiye niliyemtia shaka ambayo upepo peke yake usingeweza kumtia.

Kwa hiyo mwalimu wa pwani auweke upepo katika hesabu zake kabla ya jambo lolote lingine. Kaskazi huvuma takriban kuanzia Desemba hadi Machi, na Kusi hushika zamu yake katika miezi ya katikati ya mwaka. Juu ya hayo kuna upepo wa bahari unaoingia alasiri, saa ambazo mechi zetu nyingi huchezwa. Fika uwanjani mapema, tupa mitupo kumi ya mbali kwenye kila ringi, na uwaambie wachezaji wako ulichokiona. Ukiruhusiwa kuchagua upande, jiulize ungependa kumalizia nusu ya pili kwenye ringi ipi. Ringi ambayo upepo unaikatiza kwa ubavu haifai kuwa mahali pa kutegemea mitupo ya pointi tatu, na hilo liamuliwe kabla ya mchezo, si baada ya kukosa kumi. Jua nalo lina madhara yake, kwa kuwa uwanja uliojengwa ukielekea mashariki na magharibi humtia mtupaji mwanga machoni kuanzia saa kumi na moja jioni.

Baada ya michezo mitatu daftari litakuwa limeanza kusema. Ukiona mitupo mingi ya watu walio huru, kutoka mahali wanapopaweza, na mipira michache iliyopotea, basi timu yako inacheza vizuri na haina bahati. Hapo kazi yako ni kuilinda isiingiwe na hofu, na kazi hiyo ni ngumu kuliko inavyosikika, kwa maana wazazi, mashabiki na hata mkuu wa shule watakutaka ufanye kitu kionekane. Ukiona alama nyingi za waliokabwa, tatizo liko katika uteuzi wa mitupo na mwendo wa wale wasio na mpira. Na ukiona mitupo yenyewe ni michache, tuseme 40 wakati wapinzani wametupa 60, usipoteze hata dakika moja kuzungumzia mikono ya watupaji; nenda ukatazame pasi zako na anayepandisha mpira.

Ukame ukiwakuta katikati ya mchezo

Jambo la kwanza la kulilinda ni ukabaji. Timu isiyofunga huanza kuinamisha vichwa inaporudi nyuma, na hapo ndipo mchezo unapopotea, kwa sababu kukosa kwa dakika sita huku wapinzani nao wamepata pointi nne tu si msiba, lakini kukosa kwa dakika sita huku wamepata 16 ni mchezo uliokwisha. Tena, ukabaji ndio unaoleta mpira unaonyang'anywa, kisha leyapu isiyo na mlinzi, yaani mtupo wa karibu kabisa wa mtu anayeikimbilia ringi, na hicho ndicho kikapu rahisi kuliko vyote. Kwa hiyo neno langu la kwanza kwa timu iliyokauka huwa linahusu ringi yetu, si ringi yao.

La pili ni kuusogeza mpira karibu. Fanya hesabu hii mbele ya wachezaji wako ubaoni, kwa namba za timu yenu wenyewe kutoka kwenye daftari. Mtupo wa pointi tatu unaoingia mara 25 katika 100 unaleta wastani wa pointi 0.75 kwa kila jaribio. Mtupo wa karibu na ringi unaoingia mara 45 unaleta 0.90. Mchezaji anayechezewa madhambi akitupa na kupewa mitupo huru miwili, naye anaingiza 60 katika 100, anakuletea wastani wa 1.20. Kijana aliyeiona hesabu hiyo kwa macho yake ataelewa kwa nini wakati wa ukame tunapeleka mpira ndani na kuwalazimisha walinzi wachague kati ya kutuachia na kutuchezea madhambi. Mstari wa mitupo huru una faida nyingine ambayo haimo katika namba: saa imesimama, hakuna anayekukaba, na mpira unapopita kwenye ringi timu nzima inauona ukipita. Nimeshuhudia ukame wa robo nzima ukikatika kwa mtupo huru mmoja.

Wapinzani wajanja wakiona hamfungi kutoka mbali watajaza watu chini ya ringi kwa ulinzi wa zoni, ambao kila mlinzi hukaba eneo badala ya mtu, na hapo kupenyeza mpira ndani kwa kudunda huwa ni kujipeleka mtegoni. Mweke mchezaji wako mwenye pasi nzuri, si lazima awe mrefu, katikati ya zoni karibu na mstari wa mitupo huru. Mpira ukimfikia hapo, walinzi wawili watamgeukia, na mtu aliyejificha nyuma yao kwenye mstari wa mwisho atakuwa huru. Msisitize kwamba mpira uguse mikono ya huyo wa katikati angalau mara moja kabla ya mtupo wowote. Muda upo wa kutosha, kwa kuwa kanuni za FIBA, shirikisho la kimataifa la mpira wa kikapu, zinaipa timu sekunde 24 za kushambulia, na timu iliyoingiwa na hofu kwa kawaida hutupa ikiwa imetumia nane au tisa tu. Ribaundi ya mtupo wenu mliokosa, mpira ukiwa umegusa ringi, inawapa sekunde 14 nyingine. Waambie wachezaji wenye nguvu kwamba wakati wa ukame kila mtupo uhesabiwe kuwa ni pasi ya kwenda kwenye ribaundi, na watu watatu waingie kuigombania huku wawili wakibaki nyuma kulinda.

Mapumziko mafupi unayoruhusiwa kuyaomba ni mawili katika nusu ya kwanza na matatu katika nusu ya pili, dakika moja kila moja. Usiyatumie kwa hotuba. Wape sekunde ishirini za kunywa maji na kuvuta pumzi, kisha sema jambo moja la kukaba na jambo moja la kushambulia, kwa maneno wanayoyajua kutoka mazoezini, na uwarudishe. Neno "tulieni" halina maana kwa kijana ambaye moyo unamwenda mbio. "Mpira uguse katikati kwanza" lina maana, kwa sababu analiweza na anajua amelitimiza au hakulitimiza.

Kuhusu kubadilisha wachezaji, msimamo wangu ni kwamba mtu asitolewe kwa kukosa mtupo mzuri. Atolewe akitupa mtupo ambao tulikubaliana si wetu, atolewe akiacha kurudi kukaba, atolewe akichoka. Ukimtoa mtupaji kwa sababu mtupo wake wa tatu ulioandaliwa vizuri umegonga ringi, umewafundisha wote kumi na watano walioko pale kwamba usalama uko katika kutotupa, na ukame ulioanza kwa bahati mbaya utakuwa sasa na sababu ya kweli.

Juma la mazoezi baada ya hapo

Ikiwa daftari linaonyesha kweli mitupo yenyewe ina kasoro, tazama kwanza miguu, kisha tao la mpira. Ringi ina kipenyo cha sentimita 45 na mpira namba 7 una kipenyo cha sentimita 24 hivi, kwa hiyo ukitazama kutoka juu nafasi ni karibu mara mbili ya mpira. Lakini mpira hautazami kutoka juu. Ukishuka kwa mwinuko wa nyuzi 45, uwazi unaoukabili ni sentimita 32 hivi; ukija bapa kwa nyuzi 30, uwazi ni sentimita 22.5, yaani mdogo kuliko mpira wenyewe, na hauwezi kuingia bila kugonga chuma. Mchezaji aliyechoka hatumii miguu, mpira unatoka chini na bapa, na ndiyo maana mitupo ya robo ya nne hugonga ukingo wa mbele wa ringi. Ukiona hivyo, kumwambia kijana "lenga vizuri" ni kumwonea, kwani anacholenga ni sahihi. Anachokosa ni nguvu ya mapaja.

Zoezi ninaloliamini huanza hatua mbili kutoka kwenye ringi, kwa mkono mmoja, mpira ukipanda juu kabisa na kushuka bila kugusa chuma. Akiingiza matano safi, anarudi nyuma hatua moja. Hakuna anayeruka kwenda kwenye upinde wa pointi tatu, hata nyota wa timu. Katika ukame vijana hutaka kujithibitisha kutoka mbali, nao huondoka mazoezini wakiwa wamejizoesha kukosa. Anayeanza karibu huuona mpira ukiingia mara hamsini kabla hajafika mbali. Baada ya hapo wachoshe kwa mbio za kwenda na kurudi, na papo hapo wasimame kwenye mstari wa mitupo huru, mita 4.6 kutoka kwenye bodi, kila mmoja akitupa miwili tu kwa zamu, kwa kuwa kwenye mchezo hakuna anayepewa ishirini mfululizo. Andika matokeo ya mitupo hiyo. Baada ya mwezi utakuwa unajua ni nani apelekewe mpira wakati wapinzani wanapolazimika kucheza madhambi.

Kwa timu yenye ugonjwa wa uteuzi wa mitupo, cheza watano kwa watano bila kuhesabu vikapu. Toa pointi moja kwa kila mtupo wa mtu aliye huru, uingie usiingie, na uondoe moja kwa kila mtupo wa mtu aliyekabwa, hata ukiingia. Siku ya kwanza watalalamika sana. Kufikia siku ya nne utasikia wenyewe wakikemeana, "Huyo alikuwa huru, mbona hukumpa?"

Mipira nayo ikaguliwe. Saruji huikwangua ikawa laini kama kioo, na katika joto letu la unyevunyevu, mpira laini uliolowa jasho huteleza vidoleni. Kitambaa kikavu benchini ni sehemu ya vifaa vya timu.

Mchezaji mmoja aliyekauka

Tarehe 4 Novemba 2016 Stephen Curry, mtupaji hodari wa Golden State Warriors, alitupa mitupo kumi ya pointi tatu dhidi ya Los Angeles Lakers na hakuingiza hata mmoja. Siku tatu baadaye, dhidi ya New Orleans Pelicans, aliingiza 13, idadi ambayo wakati huo haikuwa imewahi kufikiwa na mtu yeyote katika mchezo mmoja wa NBA. Mkono ulikuwa uleule. Msimulie hayo kijana wako, lakini msimulie mkiwa wawili, mkitembea kurudi nyumbani au mmekaa ukingoni mwa uwanja, na usiyaseme mbele ya wenzake. Muulize kwanza amelala saa ngapi, amekula nini na nyumbani kuna habari gani. Mara nyingi jibu la ukame wa mtoto wa shule halimo uwanjani. Akiwa na jambo, lisikilize mpaka mwisho kabla hujataja mpira. Akikwambia, "Mwalimu, naogopa kutupa," usimkatalie hofu yake. Mwambie, "Mwanangu, ukiwa huru mahali petu, mtupo ule ni wangu. Ukikosa, nimekosa mimi." Kisha ulitimize neno hilo katika mchezo unaofuata, hata akikosa minne.

Katika mwezi wa Ramadhani, wengi wa vijana wetu hapa Tanga wakiwa wamefunga, usipime mtupo wa mtu yeyote jioni kabla ya futari, wala usimbadilishie mbinu. Fanyeni mazoezi mepesi ya pasi na kusimama mahali, au sogezeni mazoezi baada ya tarawehe penye taa, na namba za mwezi huo ziandikwe katika kurasa zake peke yake.

Ukame ukikatika, usizifute hatua zote kwa siku moja. Kwa michezo miwili inayofuata acha sharti la mpira kugusa katikati liendelee, kisha uwaachie watupaji wako wa mbali mmoja baada ya mwingine, ukianza na yule ambaye daftari linaonyesha kwamba alikuwa anatupa akiwa huru muda wote. Kijana wa daftari naye asiachishwe kazi kwa sababu sasa mnashinda, kwa kuwa kurasa za timu inapofunga ndizo utakazozilinganisha na za ukame mwingine utakapokuja.